Siku Dobi Alipofua Kijito

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajanywa chai, dobi alikuwa ameshaona doa la kwanza la siku. Lilikuwa kwenye mkono wa gauni la mkewe.

"Simama hapo hapo, mama watoto."

"Ni chai tu."

"Najua ni chai. Nauliza, ni ya leo au ya jana?"

"Ya leo, na bado ya moto. Niache nikanywe iliyobaki."

Ndivyo alivyokuwa. Majirani walimwita Pepepe, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mteja akija kuchukua shati lake aliulizwa, "Nyeupe ya namna gani?" Hakupewa shati mpaka ajibu, "Nyeupe pepepe." Wenye haraka walijibu kabla ya kuulizwa.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupigia pasi, na humo ndimo alimofanyia kazi mkewe. Barazani alikaa mama mkwe wake, akishona vifungo vilivyong'oka na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Watoto walishakua na kwenda kwao. Uani kulikuwa na makaro mawili ya saruji na kamba sita za kuanikia, na chini ya ua kilipita kijito.

Maji machafu ya makaro yalitoka kwa mtaro. Pepepe aliujenga kwa mikono yake na aliupenda sana, maana uliondoa uchafu uani mara moja na kuupeleka moja kwa moja kijitoni. Ulikokwenda baada ya hapo hakukumhusu. Hatua tano chini ya mdomo wa mtaro huo kulikuwa na dimbwi, na humo ndimo alimosuuzia nguo.

Jumatatu hiyo, chai haijaisha, meneja wa nyumba ya wageni aliingia na shuka mkononi. Nusu ya kazi ya Pepepe ilitoka kwa meneja huyu.

"Mgeni wangu amelalia shuka lako," meneja alisema. "Ameamka na mstari wa kijani mgongoni. Kuanzia hapa mpaka hapa."

"Labda alikuja nao."

"Pepepe, nani anasafiri na mstari wa kijani? Nusa hili shuka."

Pepepe alinusa. Lilinuka dimbwi. Kwenye pindo palikuwa na nyuzinyuzi za kijani, laini kama nywele. Uso ulimshuka. Mtu angemwambia kuwa ana deni au ana ugonjwa angevumilia, lakini hili la shuka lilimchoma.

"Na hii ni barua yako," meneja aliendelea. "Tarishi wa ofisi ya maji aliiacha kwangu."

Mkewe ndiye aliyeisoma kwa sauti. Alhamisi mtafiti angekuja kupima hali ya kijito. Angepima mara mbili, sasa na baada ya miezi sita. Kama kipimo cha pili kingeonyesha kuwa kijito kimechafuka, shughuli ya kufua nguo mahali hapo ingefungwa.

"Kufungwa maana yake nini?" mama mkwe aliuliza kutoka barazani.

"Maana yake hatuna kazi, mama," binti yake alimjibu.

Pepepe aliinuka. Alishuka kijitoni, akavua viatu, akaingia. Mawe ya chini ya mtaro yalikuwa yamevaa utelezi wa kijani. Alipopanda upande wa juu, mawe yalikuwa safi, lakini alipogeuza jiwe moja alikuta kitu kibaya zaidi. Kulikuwa na wadudu. Wengine walikuwa bapa na wana mikia mitatu. Wengine walikuwa wamejijengea vijumba vya mchanga na kutembea navyo. Walikuwa chini ya kila jiwe, na hakuna aliyeonyesha kuona haya.

"Nimewapata wachafuzi," alimwambia mkewe aliporudi. "Lete brashi zote."

Siku mbili zilizofuata watu wa mtaa huo wanazikumbuka mpaka leo. Pepepe alifua kijito. Alianza kwenye kona ya juu, kijito kinapopinda, na kushuka mpaka darajani. Alitoa mawe moja moja, akayasugua kwa brashi na sabuni ya unga, akayasuuza, akayaanika juani juu ya shuka kuukuu. Aliyapanga kwa ukubwa. Alifyeka majani yote ya ukingoni. Alikusanya kwa reki majani makavu yaliyozama ndani ya maji.

Mama mkwe alisogeza kiti chake karibu ili asipitwe na lolote.

"Mkwe wangu, hayo mawe utayapiga pasi?"

"Hapana, mama."

"Nauliza tu. Nisije nikaambiwa niyashonee vifungo."

Mkewe alisugua naye, maana ndoa ni ndoa, lakini macho yake yalikuwa yanaona.

"Baba watoto, mbona huku juu kwenye wadudu mawe hayana kijani? Na kule chini kwenye kijani hakuna hawa wadudu?"

"Kwa sababu huku wameula wote huo utelezi."

"Sasa si wanatusaidia?"

Pepepe alifikiri kidogo. "Sugua, mama watoto," alisema.

Jumatano jioni alimimina madumu mawili ya dawa ya madoa kwenye kona ya juu, ili kumalizia waliojificha. Maji yalinuka usafi. Kisha visamaki vinne vikaelea ubavu mbele yake. Pepepe alivitazama mpaka vikapita. Hakuvipenda vile visamaki, wala hakuwahi kuvifikiria, lakini aliona vibaya moyoni na hakujua kwa nini. Mkewe aliokota madumu matupu, akapanda uani.

Alhamisi alivaa shati lake la harusi. Ukingoni aliweka meza yenye kitambaa cheupe, na mbele ya maji alitandika zulia dogo la kupangusia miguu. Alitegemea mzee mwenye tai na mkoba. Alikuja msichana aliyevaa buti za mpira zilizomfika kiunoni, kofia kuukuu, wavu begani na sinia jeupe kwapani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mtafiti unakuja naye?"

"Mtafiti ni mimi, baba."

Pepepe alitazama buti. Zilikuwa na tope. "Samahani, mwanangu," alisema kwa upole. "Kabla hujaingia mtoni, pangusa miguu."

Mtafiti alilitazama zulia, akamtazama Pepepe, akapangusa miguu. Alikuwa na adabu. Kisha akaingia majini, akasimamisha wavu, akavurugavuruga mawe kwa mguu mbele yake ili kilichomo kisombwe na maji kiingie wavuni. Akamwaga vilivyomo kwenye sinia na kuinama. Akainama zaidi. Akatoa kioo cha kukuzia.

Alirudia mahali pengine, na pengine tena. Pepepe alisimama nyuma yake amekunja mikono, kifua mbele.

"Baba, wako wapi?"

"Akina nani?"

"Wenyeji. Wadudu wa majini."

"Hakuna hata mmoja," Pepepe alisema. Sauti ilimtetemeka kwa fahari. "Nimewamaliza. Tafuta utakavyo."

Mtafiti alikaa kwenye jiwe. Ndipo alipoona kuwa mawe yote ya kushoto kwake ni makubwa, ya katikati ni ya wastani, na ya kulia ni madogo.

"Baba, umeyapanga haya mawe?"

"Nimeyafua kwanza."

"Umeyafua."

"Kwa sabuni. Na dawa ya madoa madumu mawili, kwa heshima yako."

Mtafiti alifunga kioo chake taratibu. "Baba, mimi nahesabu hao hao uliowamaliza. Kila aina ya mdudu ina alama zake. Wanaohitaji maji safi wana alama nyingi. Wanaovumilia uchafu wana alama chache. Najumlisha. Jumla ikiwa chini ya sitini, panafungwa."

"Na mimi nimepata ngapi?"

Mtafiti aliinama ukingoni, mahali ambapo unyayo wa Pepepe ulikuwa umejaa maji. Akachota kwa kijiko. "Nimempata mmoja. Kiluwiluwi cha mbu. Alama moja."

Macho yalimtoka Pepepe. Barazani mama mkwe aliangusha kifungo.

"Mimi?" Pepepe alisema. "Mimi nipate moja? Mwanangu, muulize yeyote mtaa huu. Hakuna mtu msafi kuliko mimi."

"Nimeona, baba. Sijawahi kuona mto msafi hivi. Ndiyo maana umekufa."

Pepepe alikaa juu ya meza yake, juu ya kitambaa cheupe, akasahau kuwa suruali imelowa. Mkewe alimletea mgeni chai. Kisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na swali tangu Jumanne, akauliza.

"Mwanangu, kwa nini usichukue maji kwenye chupa ukayapima? Mdudu anajua nini?"

"Chupa nachukua pia, mama. Lakini chupa inanieleza maji ya leo tu. Mtu akimwaga dawa usiku, asubuhi maji hayo yameshafika mbali. Mdudu ameishi chini ya jiwe lake miezi mingi. Kila kilichopita kimempitia yeye. Njooni niwaonyeshe."

Walipanda wote watatu, wakapita kona ya juu, mahali ambapo brashi ya Pepepe haikufika. Mtafiti aliinua jiwe, akalisuuza ndani ya sinia. Vitu vikaanza kutembea.

"Huyu mwenye mikia mitatu ni mtoto bado. Akikua ataota mabawa na kuruka. Kazi yake ni kukwangua utelezi kwenye mawe. Anasugua mchana kutwa."

"Bila brashi?" Pepepe aliuliza.

"Mdomo wake ndio brashi. Huyu ni dobi mwenzako, baba."

Pepepe alimtazama mdudu yule kwa muda mrefu. Alikumbuka Jumanne, mawe mangapi, madobi wangapi.

"Huyu mwenye nyumba ya mchanga?" mkewe aliuliza.

"Wa kundi lake wana kazi nyingi. Kuna wanaotafuna majani makavu yaliyozama, kwa hiyo yale majani si takataka, ni chakula chao. Wengine wanatega nyavu ndogo na kuchuja maji. Na huyu mwenye uso mkali ni mtoto wa kereng'ende. Anakula viluwiluwi vya mbu. Mkimuua, mbu wanafurahi."

"Na yule wa mikia miwili?"

"Mtoto wa nzi wa mawe. Huyo hataki mchezo. Maji yakichafuka kidogo tu, yeye ndiye wa kwanza kufa. Ana alama kumi na mbili peke yake."

Waliporudi, mtafiti alisimama kwenye mdomo wa mtaro. Alitazama maji ya povu yakiingia kijitoni. Kisha alitazama dimbwi, hatua tano chini.

"Baba, mnasuuzia hapa?"

"Hapa."

"Na maji ya sabuni yanaingilia pale?"

"Pale."

Pepepe alihesabu hatua kwa macho. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Miaka kumi na minane alikuwa akiusifu mtaro huo.

"Ninasuuzia uchafu wangu mwenyewe," alisema.

"Na sabuni hiyo ni mbolea kwa ule utelezi," mtafiti alisema. "Unaulisha, halafu anayeukwangua unamuua. Ndiyo hizo nyuzi za kijani kwenye shuka."

Pepepe hakuwa mtu wa kukubali kosa kirahisi, lakini doa likishaonekana alikuwa hawezi kuliacha. "Nifanye nini?" aliuliza.

Mtafiti alimwelekeza. Auzibe mtaro. Achimbe shimo mbali na kijito, hatua thelathini au zaidi, wala lisiwe karibu na kisima. Chini aweke kokoto, juu yake mkaa, juu kabisa mchanga. Maji ya sabuni yaingie humo, ardhi iyanywe polepole. Kusuuza kufanyike karoni, kwa maji yaliyochotwa juu ya kona. Sabuni apime, asimwage kwa macho. Dawa ya madoa atumie kwa doa tu, wala isiingie tena kijitoni. Nguo nyeupe azianike kwenye jua kali, maana jua nalo linang'arisha.

"Na majani ya ukingoni uyaache yaote," alimalizia. "Na mawe uyarudishe ovyo ovyo."

"Ovyo ovyo?"

"Ovyo kabisa."

Hilo ndilo lililomshinda. Shimo alilichimba kwa siku tatu bila kulalamika. Mtaro wake kipenzi aliuziba kwa saruji. Lakini mawe yalimtesa. Aliyarudisha moja moja, na kila akigeuka mkewe alimkuta ameyapanga tena mstari.

"Vuruga, baba watoto."

"Nimevuruga."

"Huo ni mstari."

Mwishowe mama mkwe alishuka na fimbo yake, akayavuruga mwenyewe kwa raha zote.

Mwezi wa kwanza haukuleta kitu. Kijito kilipita kitupu, na mbu walijaa mpaka mama mkwe akawa anashona kwa mkono mmoja na kujipiga kofi kwa mwingine. Pepepe alikata tamaa. Siku moja alionekana akipanda juu na beseni ili akawachukue wadudu awalete nyumbani. Mkewe alimzuia njiani.

"Mtafiti alisema watakuja wenyewe. Wengine watasombwa na maji, wengine wataruka na kutaga mayai."

"Lini?"

"Hakusema lini. Rudisha beseni, kuna soksi za watu zimelowekwa."

Katika mwezi wa pili, Pepepe aligeuza jiwe na kukuta mkia. Kisha akaona wa pili na wa tatu, yote kwa mdudu mmoja. Alilirudisha jiwe kama mtu anayefunika mtoto aliyelala, akapanda mbio uani.

"Mmoja amerudi," alisema, akakaa chini. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Mkewe alicheka, kisha na yeye akapangusa macho kwa mkono wa gauni, kwenye lile doa la chai ambalo mumewe alisahau kulitoa.

Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga kijito bila sababu. Reki ilifungiwa stoo na ufunguo akapewa mama mkwe, kwa ombi la Pepepe mwenyewe, maana hakujiamini. Utelezi ulipungua. Shuka ziliacha kunuka. Meneja alinusa tatu, akazigeuza, akatafuta kasoro, akazikosa, akaondoka amenuna kidogo.

Miezi sita ilipotimia, mtafiti alirudi. Pepepe alimsubiri ukingoni akiwa na shati la harusi tena, lakini zulia halikuwepo. Mtafiti aliweka wavu, akavuruga, akamwaga kwenye sinia, akahesabu kwa sauti. Wenye mikia mitatu. Wenye nyumba za mchanga. Kereng'ende. Konokono. Pepepe alijumlisha kwa vidole, na vidole vilipoisha mkewe alimwazima vyake.

"Hamsini na nne," mtafiti alisema.

Sita zilikosekana. Tayari Pepepe aliyaona makaro yakiwa makavu na kamba sita zikiwa tupu.

"Geuza lile pale," alisema kwa haraka. "Karibu na kona. Wamo wengi, nawajua."

"Siwezi, baba. Mawe nachagua mimi. Mwenye nyumba akinichagulia, hicho si kipimo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Limebaki moja."

Alichagua jiwe la kawaida katikati ya maji, moja ya yale ambayo mama mkwe aliyavuruga kwa fimbo. Alilisuuza ndani ya sinia. Kitu kilikimbia kwenye weupe wa sinia, kikakimbia tena, kikasimama. Kilikuwa na mikia miwili.

"Nzi wa mawe," mtafiti alisema. Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kumi na mbili. Jumla sitini na sita. Hapafungwi, baba."

Mama mkwe alidai barazani kuwa ushindi ni wa fimbo yake, na hakuna aliyembishia.

Jioni ile ile meneja alikuja kuchukua shuka zake. Zilikuwa zimejaa kamba zote sita, nyeupe pepepe, zikipigwa na upepo. Akakunja uso.

"Pepepe. Kuna mdudu kwenye shuka langu."

Pepepe alisogea. Alikuwa mdudu mdogo mwenye mabawa ya kuonekana upande wa pili, na mikia mitatu mirefu, ametua katikati ya weupe. Meneja aliinua mkono ampige. Pepepe aliudaka.

"Usimguse," alisema. "Hicho ni kibali changu cha kufulia."

Wakasimama wote wawili, wakasubiri mpaka aliporuka mwenyewe kuelekea kijitoni. Ndipo Pepepe akaanua shuka, akalikunja na kumkabidhi meneja.